Dereva Mfupi na Mfuko wa Hewa: Namna ya Kupanga Kiti, Usukani na Mkanda

Nina kimo cha sentimita 151, na kwa miaka mingi niliendesha gari tumbo likiwa karibu kugusa usukani, shingo nimeinyoosha kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Mwalimu wangu wa udereva, mtu mrefu mwenye nia njema, aliponiona sifiki kwenye klachi aliniwekea mto wa sofa mgongoni, akavuta kiti mbele hadi kikagota, akasema, "Haya dada, twende." Tulikwenda, na mtihani nikafaulu. Hakuna aliyeniambia kwamba katikati ya usukani, chini ya kifuniko chenye herufi SRS, alama ya mfumo wa mifuko ya hewa, palikuwa na mfuko unaoweza kufyatuka kwa kasi inayokaribia kilomita 300 kwa saa, na kwamba kutoka hapo hadi kifuani kwangu haikufika hata shubiri moja.

Mwongozo huu ni kwa wenye kimo kama changu, hasa wanaoendesha magari madogo ya Kijapani yaliyotumika, kama Vitz, Passo, IST na Demio, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoyamudu. Kosa letu la kawaida ni moja: dereva mfupi asipoona mbele vizuri huvuta kiti karibu na usukani, wakati dawa ya kutoona ni kuinuka. Kwa sababu hiyo hatua zilizo hapa chini zina mpangilio usiofaa kugeuzwa, yaani kimo cha kiti kwanza, miguu baadaye, egemeo la mgongo na usukani mwisho.

Kwa nini sentimita 25

Mfuko wa hewa, ambao mafundi wetu huuita eabegi, haujai polepole kama puto la sherehe. Gari likigonga kwa mbele kwa nguvu ya kutosha, kwa kawaida nguvu inayolingana na kugonga ukuta imara kwa mwendo wa kuanzia kilomita 13 hadi 23 kwa saa, kihisio hupeleka umeme kwenye kifyatuzi, kemikali iliyomo huwaka, na gesi hujaza mfuko kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Hatari kubwa iko kwenye zile sentimita 5 hadi 8 za mwanzo, pale mfuko unapopasua kifuniko na kutoka. Anayekutana nao hapo hupigwa ngumi. Anayekutana nao ukiwa umeshajaa hupokewa na mto. Ndiyo maana mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inapendekeza angalau sentimita 25 kati ya kitovu cha usukani na mfupa wa katikati ya kifua, ili baada ya eneo la hatari ibaki akiba ya kutosha.

Pendekezo hilo lilitokana na misiba. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1990 na 2008, vifo zaidi ya 290 katika ajali za mwendo mdogo vilitokana na kufyatuka kwa mifuko ya mbele. Wengi wa waliokufa walikuwa abiria, na karibu wote kati ya abiria hao walikuwa watoto. Kwa upande wa madereva, waliokuwa hatarini zaidi ni wafupi waliokaa wameukaribia usukani. Karibu asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea katika magari yaliyotengenezwa kabla ya 1998, ambayo mifuko yake ilifyatuka kwa nguvu kupita kiasi, na zaidi ya asilimia 80 ya waliokufa hawakufunga mkanda au waliufunga vibaya. Katika kipindi hichohicho mifuko hiyo iliokoa maelfu ya watu. Kwa hiyo mtu asisome takwimu hizi akakimbilia kwa fundi kuung'oa mfuko. Cha kufanya ni kukaa mbali nao na kufunga mkanda.

Kabla ya yote: hakikisha mfuko upo na ni mzima

Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Taa yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele yake inapaswa kuwaka kwa sekunde chache, aghalabu sita hivi, kisha izime. Ikibaki imewaka, mfumo una hitilafu na huenda mfuko usifyatuke ajali ikitokea. Ikiwa haiwaki kabisa, shuku zaidi. Jamaa yangu alinunua gari ambalo taa hiyo haikuwaka hata mara moja, na fundi aliyelitengeneza alipobanwa alijibu bila haya, "Dada, ile balbu tuliitoa, ilikuwa inamsumbua mwenye gari." Walipofungua kifuniko cha usukani walikuta nafasi tupu: mfuko ulikuwa umeshafyatuka katika ajali ya zamani, na kifuniko kipya kilibandikwa kwa gundi. Mfuko hutumika mara moja tu. Ukishafyatuka, lazima ubadilishwe pamoja na sehemu nyingine za mfumo ambazo fundi atazipima kwa kompyuta. Chunguza basi kama kifuniko kina rangi tofauti na usukani, nyufa, au ukingo usiokaa sawasawa.

Kuna jambo jingine linalowahusu wakazi wa pwani kwa namna ya pekee. Vifyatuzi vilivyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani vilitumia nitrati ya amonia, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika, kisha wakati wa ajali hulipuka kwa nguvu hadi kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Marekani peke yake ilitangaza kurejeshwa kwa vifyatuzi takriban milioni 67 ili vibadilishwe, na magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na kampuni nyingine yamo. Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa zina joto na unyevu mwaka mzima. Chukua namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ya gari na uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa gari lililouzwa kwanza Japani, tumia tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji huyo, kwa sababu namba zake hazifanani na za magari ya Marekani au Ulaya.

Hatua ya kwanza: inua macho

Kaa umejisukuma hadi makalio yaguse kabisa mahali egemeo linapokutana na kiti. Hakikisha huna kitu mfukoni mwa nyuma na hakuna mto mgongoni. Sasa tafuta wenzo wa kuinulia kiti. Katika magari mengi ya usukani wa kulia, wenzo huo uko upande wa nje wa kiti, karibu na mlango, nao huvutwa juu mara kadhaa kama pampu. Nimewahi kuendesha gari moja miaka mitatu bila kujua kwamba wenzo huo upo, kwa sababu ulifunikwa na kava la kiti lililoshonwa Kariakoo. Inua hadi macho yako yawe juu ya ukingo wa juu wa usukani kwa sentimita 7 au 8, ambayo ni takriban upana wa kiganja bila kidole gumba. Ikiwa barabara unaiona kupitia tundu la usukani, bado uko chini mno.

Gari likikosa wenzo huo, au kiti kikifika mwisho na bado huoni, utahitaji mto wa kukalia, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Mto wa sofa au wa kitanda haufai hata kidogo. Ukiwa laini, siku ya ajali hubonyea ghafla, nyonga huteleza mbele chini ya mkanda, na mkanda uliokuwa kwenye mfupa hupanda tumboni ambako hukata viungo vya ndani. Tafuta sponji ngumu, ile ambayo fundi wa viti vya magari huiita sponji ya kukandamizwa, yenye unene wa sentimita 3 hadi 5, na umwambie aikate kwa mteremko: nyuma iwe nene, mbele iwe nyembamba. Chini yake ashonee kitambaa kinachogandia ili isiteleze. Ule wembamba wa mbele una sababu yake, kwani mto ulio mnene kote huinua mapaja, hukaza neva nyuma ya magoti na kufanya visigino vining'inie. Baada ya nusu saa ya foleni miguu hufa ganzi.

Hatua ya pili: fikisha miguu

Washa injini, gia ikiwa kwenye P au huru na hendibreki imevutwa. Injini ni lazima iwe inanguruma, kwa sababu bila msaada wake breki huwa ngumu na haishuki kama inavyoshuka barabarani. Sogeza kiti nyuma hadi mwisho, kisha ukivute mbele hatua kwa hatua, kila mara ukikanyaga breki kwa nguvu ya mtu anayekwepa mtoto aliyekimbia barabarani. Simama pale ambapo breki inashuka yote na goti bado limekunjwa kidogo. Kwa gari la manyo, yaani la gia za mkono, tumia klachi badala ya breki, kwa kuwa ndiyo inayokwenda mbali zaidi. Kisigino kibaki sakafuni. Ukilazimika kunyanyua mguu mzima kila unapotoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, kiti kimepanda kuliko miguu yako inavyoruhusu. Kishushe kidogo, kisha fidia kwa namna nyingine.

Namna ya kwanza ya kufidia ni viatu. Kiatu cha kufunga chenye soli ngumu na iliyonyooka, ya sentimita 2 au zaidi kidogo, hufupisha safari ya mguu bila kukunyima hisia ya breki. Mimi huweka jozi moja nyuma ya kiti cha dereva na kubadilisha hapo. Kandambili huchomoka na kukwama chini ya pedeli, na kisigino kirefu huzunguka kikakosa mahali pa kutua.

Namna ya pili ni virefusho vya pedeli, yaani vipande vya chuma vinavyofungwa kwa boliti juu ya pedeli ili pedeli iufuate mguu badala ya mguu kuifuata. Viwe vya kiwandani, vifungwe na fundi anayejua kazi, na vikaguliwe mara kwa mara kama boliti zimelegea. Kipande cha mbao kilichofungwa kwa mpira wa tyubu, ambacho nimekiona kwa macho yangu kwenye gari la mizigo, ni hatari kuliko tatizo kilichokusudiwa kulitatua. Gari linaloendeshwa pia na mtu mrefu lisifungwe virefusho, labda kama ni vya kutoa na kurudisha na kila mtu anakumbuka kuvitoa.

Hatua ya tatu: laza egemeo kidogo, kisha shusha usukani

Hapa ndipo sentimita zilizopotea hupatikana. Miguu ikishafika, usiguse tena wenzo wa kusogeza kiti. Laza egemeo nyuma kidogo kidogo. Nyonga hubaki palepale, kifua ndicho kinachorudi. Dereva mfupi aliyevuta kiti hadi mwisho wa mbele bado anaweza kupata sentimita 25 kwa njia hii peke yake, na ndivyo nilivyozipata mimi. Mpaka wake ni mabega: ukishika juu ya usukani, kiwiko kibaki kimekunjwa na bega libaki limegusa egemeo. Ukilala mno, mkanda huachana na bega na shingo huinama mbele kutafuta barabara, na maumivu ya shingo hayachelewi.

Usukani wenyewe uinamishe ili kifuniko cha mfuko kikutazame kifuani, kisikutazame usoni wala shingoni. Wenzo wake uko chini ya mhimili wa usukani. Katika magari yetu mengi madogo usukani hupanda na kushuka tu. Kama wako unasogea pia mbele na nyuma, usukume uelekee dashibodi. Huenda usukani ulioshuka ukafunika juu ya mapaja. Acha nafasi ya kupitisha ngumi.

Hatua ya nne: pima

Rula ya shule ya sentimita 30 inatosha. Keti kama unavyoketi kila siku, usijivute nyuma kwa ajili ya kipimo. Weka ncha moja katikati ya usukani, mahali unapobonyeza honi, na usome inapokutana na mfupa wa kifua. Mwombe mtu mwingine asome, kwa sababu ukiinamisha kichwa kuisoma namba mwenyewe, kifua huenda mbele. Mjamzito apime pia kutoka tumboni, na katika miezi ya mwisho, ikiwa nafasi haipatikani kwa hila yoyote, ni busara mtu mwingine aendeshe.

Ukipata 22 au 23 baada ya kufuata yote yaliyotangulia, rudi kwenye viatu na mto, ujaribu tena. Ukipata chini ya 20, gari hilo halikutengenezwa kwa mwili wako. Nasema hivyo bila kumkatisha mtu tamaa, maana magari hutofautiana sana hata yakiwa na ukubwa uleule, na ndiyo sababu anayekwenda kununua gari aende na rula mfukoni. Muuzaji atashangaa, mwache ashangae.

Mkanda

Mkanda wa chini upite kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Kwa mjamzito upite chini ya tumbo. Ule wa juu upite katikati ya mtulinga na katikati ya kifua. Kwa mtu mfupi hukata shingo, na hapo wengi huupitisha chini ya kwapa, jambo linaloweza kuvunja mbavu na kuumiza ini. Angalia kwenye nguzo ya mlango, mahali mkanda unapotokea: magari mengi yana kitufe cha kushushia pete yake. Kisipokuwepo, mto wa kukalia husaidia. Vibanio vinavyouzwa barabarani vya kuufanya mkanda ulegee visinunuliwe.

Mikono na vitu vilivyo njiani

Shika usukani kama saa inayoonyesha saa tatu na saa tisa za uso wa saa, yaani mkono mmoja kulia na mwingine kushoto, sawasawa. Mafunzo ya zamani ya kushika kwenye namba kumi na namba mbili za uso wa saa hayafai kwa usukani wenye mfuko, kwa sababu mikono ikiwa juu hurushwa usoni. Anayekata kona kwa mkono mmoja uliovuka juu ya honi huwa ameweka mfupa wake mbele ya kifuniko.

Ondoa kila kilichobandikwa katikati ya usukani: stika, kishikio cha simu, nakshi za kung'aa. Upande wa abiria, chupa ya manukato iliyogundishwa juu ya dashibodi hugeuka risasi. Kava za viti nazo zichunguzwe, kwani kiti chenye kitambulisho cha SRS ubavuni kina mfuko wake humo, na kava lililofunga ubavu huo huuzuia mfuko usitoke. Mtoto mchanga aliye kwenye kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko, na watoto walio chini ya miaka 13 wakae nyuma. Abiria mzima aliye mfupi asogeze kiti chake nyuma kadiri kinavyokwenda. Yeye hana pedeli ya kufikia.

Vioo na jua

Vioo hupangwa baada ya yote hayo, si kabla. Ukiwa juu zaidi, nguzo za kioo cha mbele hukaa tofauti machoni, na bodaboda mzima anaweza kujificha nyuma yake unapoingia njia panda. Tikisa kichwa mbele na nyuma kabla ya kukata. Kisha kuna jua. Anayerudi nyumbani jioni kwa Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, kutoka mjini kuelekea Kimara na Mbezi, hulikabili machoni, na kile kibao cha kuzuia jua huishia juu ya macho ya mtu mfupi. Kuinua kiti hupunguza pengo hilo, miwani myeusi hufanya yaliyobaki, na kioo kikisafishwa kwa ndani mng'ao hupungua kwa namna ambayo usipojaribu hutaamini.

Gari la watu wawili

Mume wangu ana kimo cha sentimita 178, na kila Jumatatu nilikuwa nikikuta kazi yangu yote imevurugwa. Tulitatua kwa kuhesabu milio. Kiti kikirudishwa nyuma hadi mwisho, kisha kikavutwa mbele, hutoa mlio kila kinapoingia kwenye jino la reli. Changu ni mlio wa tisa. Kimo ni pampu sita kutoka chini kabisa. Kwa egemeo, ambalo halina milio ya kuaminika, nilichora mstari mdogo kwa rangi ya kucha kwenye plastiki ya bawaba, na kiti kikilazwa hadi mstari ukutane na ukingo wa plastiki ya chini, rula husoma 26.